Kitendo Bila Kengele

Sikuomba kufundishwa Kiingereza. Nataka hilo lijulikane mwanzo kabisa, maana siku hizi wakubwa wa kiwanda wakisimulia wanasema walitusaidia, walituletea mwalimu na kutununulia chaki, ila sisi hatuna shukrani. Mimi ni mtu wa boila. Tangu ujana wangu nawasha moto, nachemsha maji, napeleka mvuke kwenye mashine za kufulia na za kupiga pasi, na mashuka ya mahoteli yanatoka meupe kama hayajawahi kulaliwa. Boila haijaniuliza swali kwa Kiingereza hata siku moja. Ikipungukiwa maji hulia kwa namna yake, ikizidiwa hutetemeka, na mimi naielewa.

Kisha kiwanda kikauzwa. Wenye mali wapya hatukuwaona sura. Tulichokiona ni kibao kipya getini na meneja wetu yuleyule wa zamani, sasa amejinyonga na tai. Huyu meneja tunamwita Subiri Kidogo. Ukimwambia feni imekufa, subiri kidogo. Ukimwambia glavu zimetoboka, subiri kidogo. Marehemu mke wangu alikuwa mpiga pasi kwenye ile mashine ya roli, pale vumbi la pamba linapoelea mpaka unaliona kwenye mwanga wa dirisha. Kifua kikaanza kumbana. Akamwomba ahamishiwe kwenye kukunja. "Subiri kidogo, mama." Akasubiri. Alisubiri mpaka tukamzika, na siku ya mazishi Subiri Kidogo alikuja na miwani myeusi, akanishika bega akaniambia nijikaze. Nijikaze! Kisabuni, labda, kama wasemavyo vijana.

Basi huyo ndiye aliyetusimamisha kati ya mashine akatangaza kwamba kuanzia sasa kila taarifa ya kazi itatolewa kwa Kiingereza, kwa sababu wakubwa wa makao makuu hawajui lugha yetu. Ona mambo hayo. Wasiojua ni wao, wa kwenda shule ni sisi.

Darasa likawa kwenye chumba cha kukunjia, baada ya kazi, tumekalia marobota ya taulo. Mwalimu alikuwa msichana mwembamba, umri wa kitinda mimba wangu, sauti ndogo lakini haogopi mtu. Hakuwa mbaya, yule. Waliomtuma ndio wabaya. Siku hiyo aliandika kwa chaki kwenye bati la ukutani vineno vya Kiingereza vilivyopangana kama wagonjwa kwenye foleni: after, before, without, by.

"Hivi ni vihusishi," akasema. "Baada ya, kabla ya, bila, kwa. Kitendo kikija nyuma ya kihusishi, mwishoni kinaongezewa ing. After closing. Without asking. Haya mzee, nipe mfano wa kazini kwako."

Nikafikiri. Nikasema, "After to close the valve."

"After closing."

"Ndiyo nilivyosema. Baada ya kufunga vali."

"Umesema to close, mzee."

"Na to close si kufunga?"

"Ni kufunga."

"Na closing?"

Akatazama chaki yake. "Nayo… ni kufunga."

"Shemeji kamfunga mwalimu!" Mama Pacha akapiga kofi robota lake. "Bao la wazi!"

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka mpaka akavua miwani. Mama Pacha ni mpiga pasi. Alisimama bega kwa bega na mke wangu kwenye ile roli miaka yote, na tangu msiba ndiye pekee kiwandani anayenitania. Wengine wananisalimia kama wanasalimia jeneza.

"Mzee ana haki," mwalimu akasema alipotulia. "Sisi 'ku' yetu inabeba mizigo yote miwili. Kufunga ni kufunga, popote utakapoiweka. Wenzetu wameigawa. Kitendo kikikaa peke yake, to close. Kikifuata hivi vineno, closing."

"Kwa hiyo kikipita hapo kinavishwa kengele kama mbuzi."

"Kengele?"

"Ing! Ing! Hujasikia inavyolia?"

Basi jina likashika. Mtu akikosea, darasa zima "Kengele!" Ikatoka darasani ikaingia kazini. Mtu akisema "before to eat" akiwa na sinia mkononi, kuanzia kwenye mashine za kufulia mpaka kwenye pasi unasikia "Kengeleee!" Hata mimi nilicheka, sikatai. Nilishaanza kuona kwamba pengine kitu hiki nitakimeza.

Halafu mwalimu akaleta mambo mengine.

"Leo tahadhari," akasema. "Kuna to ambayo si ya kitendo. Ni kihusishi kama vile vingine, kwa hiyo kitendo kinachoifuata kinavaa kengele. Mfano: I am used to working. Nimezoea kufanya kazi. Mmeona? To, halafu working."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, juzi ulituambia penye to hapana kengele, penye kengele hapana to. Leo wamelala kitanda kimoja?"

"Ndoa ya siri," Mama Pacha akasema.

"Ngojeni, haijaisha," mwalimu akasema, na mimi nikajua tumekwisha. "Ukiondoa am na ukiondoa kengele, inakuwa I used to work. Hiyo maana yake si nimezoea tena. Maana yake zamani nilikuwa nafanya kazi, sasa sifanyi. Nimeacha."

"Kineno kilekile, used to, huku nimezoea, huku nimeacha?"

"Kilekile."

"Aliyetunga alikuwa mzima?"

"Tufanye mazoezi, utaona ni rahisi. Tuchukue mambo ya nyumbani. Mzee, wewe sema: I am used to living alone. Nimezoea kuishi peke yangu."

Mwalimu alikuwa mgeni, hakujua. Mama Pacha akakohoa kikohozi cha kumfinya mtu, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Hiyo siisemi," nikasema.

"Kwa nini, mzee? Ni fupi tu. Ina am, ina kengele, kila kitu kipo."

"Kila kitu kipo, lakini ni uongo. Sijazoea."

Akamwangalia Mama Pacha, akaniangalia mimi. Uso ukambadilika. "Nisamehe, baba," akasema. Siku zote aliniita mzee. Hiyo ndiyo ilikuwa baba ya kwanza. Nilishasimama. Nikaenda zangu kwenye boila. Mazoezi ya kile kineno wenzangu waliyafanya bila mimi, na siku za mbele darasa lilikuwa limeshahamia mambo mengine. Nani wa kulaumiwa? Aliyesema tusome, bila kujua anamsomesha nani.

Nieleze kidogo kuhusu chumba cha boila, maana ndiyo sehemu pekee iliyokuwa imebaki yangu. Ni chumba cha joto, ukuta wake mweusi, lakini hakina vumbi la pamba. Ndiyo maana mke wangu alikuwa anakimbilia kule kila akipata nafasi. Anakalia ndoo iliyofudikizwa, anavuta pumzi, ananisema. "Mume wangu, shati hilo umelivaa au limekuvaa?" Kikombe chake cha bati alikiweka kwenye msumari karibu na kioo cha kupimia maji ya boila. Hakijatoka pale. Kila asubuhi nikiingia nakagua kioo, natazama geji, nafungua vali ya chini nimwage tope, kisha natembea na bomba la mvuke kutoka chumbani mpaka kwenye pasi, naligusa hapa, nalisikiliza pale. Nikirudi nakifuta kile kikombe. Ndiyo kazi, ndiyo na nyumbani.

Sasa, pale bomba linapoungana na roli ya pasi pana gasketi, ule mpira mgumu unaobanwa katikati ili mvuke usitoroke. Ilikuwa imezeeka, imeanza kutoa jasho. Nilimwambia Subiri Kidogo, akanijibu mnavyojua. Nikamwambia tena, akiwa na simu sikioni, akanionyesha kidole. Nikamfuata mara nyingine mlangoni kwake.

"Niambie kwa Kiingereza," akasema, huku anatabasamu. "Si mnasoma?"

Nikajaribu. "Please bring gasket before to burst."

"Kengele!" Akacheka mpaka tai ikaruka. Akarudi ndani akafunga mlango.

Bomba halikusubiri. Lilipasuka asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto. Nilisikia mlio kwanza, halafu kelele za watu, nikafunga vali kuu nikakimbia. Ukumbi ulikuwa umejaa wingu jeupe, watu wanapapasana. Mama Pacha alikuwa amekaa juu ya lundo la mashuka, mkono ameuweka mbali na mwili kama si wake, ngozi imejikunja.

"Shemeji, usinitazame hivyo," akasema, meno yanagongana. "Mkono bado upo."

Walimpeleka hospitali wakamfunga bandeji mpaka kwenye kiwiko. Na makao makuu wakamtuma mtu.

Mgeni huyo aliwekwa ofisini kwa Subiri Kidogo, kwenye kiyoyozi. Bwana mmoja mpole, nywele nyeupe, anaongea polepole kama anamlisha mtoto uji. Niliomba mtu wa kunitafsiria. Subiri Kidogo akasema, "Hapana, mzee, jibu mwenyewe. Kampuni imekusomesha." Yeye mwenyewe akakaa pembeni, Kiingereza chote anakijua, lugha yetu kazaliwa nayo.

Mgeni akaniuliza kama huwa nayakagua mabomba. Swali nililielewa, neno kwa neno, na nikafurahi kwamba nimelielewa. Jibu langu lilikuwa tayari kifuani: nimezoea kuyakagua kila asubuhi, haijapita siku. Nikatafuta nimezoea. Nikaipata: used to. Nikatafuta kukagua. Nikaona pana to, na penye to hapana kengele, ndivyo nilivyoanza kufundishwa. Nikakaa wima.

"I used to check the pipes every morning, sir."

Mgeni akainua nyusi. "You used to?"

"Yes, sir! Used to! Ask anybody."

Akamgeukia Subiri Kidogo. Mimi nilidhani wananisifu. Na huyu bwana, anayejua kabisa kwamba mtu wetu akisema hivyo anamaanisha amezoea, huyu ambaye ameniona nikitembea na bomba lile kila asubuhi huku yeye anafunga mlango wa gari lake, alitazama kalamu yake. Neno moja tu. Angesema tu, samahani, mzee anamaanisha amezoea. Aliichezesha ile kalamu vidoleni, akanyamaza.

Mgeni akauliza kama nilitoa taarifa ya gasketi. Nikasema nilitoa, "before to burst". Hapo ndipo Subiri Kidogo akapata sauti. Akaongea Kiingereza cha mbio, kimepakwa mafuta, sikushika hata kineno. Mgeni akatikisa kichwa kwa huruma, akanipa mkono. Nilitoka pale nikiwa nimevimba kichwa, najiona msomi.

Kesho yake nikaitwa.

"Boila utamwachia mtu mwingine," Subiri Kidogo akasema. "Wewe utachambua mashuka machafu kule nyuma. Umeokolewa na uzee wako. Ungekuwa kijana ungetupiwa virago getini."

"Nimefanya nini?"

"Si umekiri mwenyewe? Umemwambia mkubwa zamani ulikuwa unakagua mabomba. Zamani. Maana yake umeacha."

"Mimi? Nimemwambia nimezoea!"

"Ulitaka kumwambia umezoea." Akainua mabega. "Kengele, mzee."

Nilimkuta mwalimu anafuta bati. Nilimwaga yote niliyokuwa nayo: yeye, chaki yake, to yake ya ndoa ya siri, waliomleta na waliowazaa waliomleta. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kaa, baba," akasema. "I am used to checking. Sema."

"Itanisaidia nini?"

"Sema, ili safari hii wakukatalie ukiwa na haki yako, si ukiwa na kosa lako."

Nikasema. Nikakosea. Nikasema tena. Ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa gunia. Nilirudi siku iliyofuata na nyingine, najisemea huku nachambua mashuka ya watu, am, used, to, checking, kengele mwisho, am mwanzo, mpaka yule ninayechambua naye akaniuliza kama natongoza.

Tulipokuwa tayari tulikwenda ofisini kuomba kuongea na yule mgeni wa makao makuu, watu watatu: mimi, mwalimu na Mama Pacha na bandeji yake.

"Mkubwa ana shughuli," Subiri Kidogo akasema. "Subirini kido—"

"Mimi sisubiri," Mama Pacha akasema, akauweka ule mkono juu ya meza yake, katikati ya karatasi. "Mkono huu ulishasubiri gasketi yako. Mpigie simu."

Akautazama mkono. Akapiga simu, akaiweka sauti ya nje.

Mgeni alinikumbuka. Akanisalimia vizuri, akauliza hali ya mama aliyeungua. Mwalimu akanigusa mgongoni. Nikavuta pumzi kwa wote, hata kwa yule ambaye zake ziliisha.

"Sir," nikasema, "I am used to checking the pipes every morning."

Ilitoka. Ilitoka nzima, am mbele, kengele nyuma, hakuna kilichokosekana. Mwalimu alifumba macho kwa furaha. Upande wa pili wa simu yule bwana akacheka, kicheko kizuri tu, cha mtu anayemtakia mwenzake mema.

"No, no," akasema, polepole, kama anamlisha mtoto uji. Akaeleza kwamba anavyojua yeye mimi sipo tena kwenye boila. Nipo kwenye mashuka. Kwa hiyo si am, na si checking. "You used to check. Used to check. You see?" Akanisifu kwamba Kiingereza changu kinakua, akasema niendelee hivyohivyo.

Mwalimu akairukia simu, akaanza kueleza mbiombio kwamba sivyo, kwamba siku ile mzee alimaanisha, kwamba neno moja tu. Yule bwana akasema ameelewa, ahsante, jambo hilo limeshafungwa, na ana kikao. Simu ikakatika.

"Umesikia mwenyewe," Subiri Kidogo akasema. Hakucheka hata. Alikuwa anakusanya karatasi zake chini ya mkono wa Mama Pacha. "Safari hii kengele haikutakiwa."

Nilisimama pale na sentensi yangu. Nilipoisema vibaya walisema ni kweli. Nimeisema vizuri, wameshaifanya kuwa uongo. Lile kosa langu la kwanza, bila kubadilisha hata herufi, sasa ndilo Kiingereza safi, mwalimu yeyote angeliwekea alama ya vema. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Nilikwenda kwenye boila kuchukua kikombe. Mtu mpya alikuwa ndani, kijana, ana adabu, aliniinukia kutoka kwenye ndoo. Ndoo ileile.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye uliyekuwa ukiangalia boila hii?"

Uliyekuwa. Hata kwa lugha yetu wenyewe, sasa.

"Marahaba," nikasema. "Ndiye."

"Afadhali nimekupata. Kule kwenye roli ya pasi gasketi wamebandika ya kuungaunga, inatoa jasho. Nimemwambia meneja, ameniambia nisubiri kidogo."

"Mwambie kwa Kiingereza. Before bursting. Kengele usiisahau."

"Kengele gani, mzee?"

"Utafundishwa."

Nikakitoa kikombe msumarini. Ukutani pakabaki duara jeupe, mahali pekee ambapo masizi hayakufika. Akaniona ninavyokishika, akaniuliza kwa macho. Akataka kunifariji, masikini, hana kosa lolote.

"Hata huko kwenye mashuka si kubaya, mzee. Ni siku za mwanzo tu. Utazoea."

Nikamwambia hiyo niliwahi kufundishwa, na nilikataa kuisema.